Safari ya Kulifuata Goti la Yusta

Wenzangu wa kwaya, tangu nirudi mnanijia dukani mmoja mmoja, mnashika kitenge kana kwamba mnanunua, halafu mnaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama Yusta, hivi ni kweli ulipiga goti?" Leo Tunduma mvua haikatiki na wateja wa Zambia hawajavuka, kwa hiyo nimekaa nyuma ya meza kuandika yote, ili mwenye shaka asome mwenyewe. Habari za viza na tiketi siziandiki. Hazina faida kwenu na zitanipandisha presha upya.

Picha iliyonitoa nyumbani

Binti yangu Yusta mnamfahamu. Anasomea mambo ya maji huko kaskazini mwa China, na ameposwa na Elia, yule mwalimu mpole wa Vwawa. Tangazo la ndoa yao lilikuwa lianze kusomwa kanisani kwetu kijijini Iyula, Jumapili tatu mfululizo kama ilivyo desturi. Kabla ya Jumapili ya kwanza kufika, Yusta akaweka picha kwenye status ya simu yake.

Picha yenyewe mliiona, maana Mama Lugano alihakikisha kila mwenye simu anaiona. Yusta yuko ndani ya nyumba ya giza giza, goti moja chini, viganja vimekutana chini ya kidevu, na mbele yake sanamu kubwa ya dhahabu imekaa inamtazama. Pembeni kabisa, kando ya nguzo nyekundu, kuna kipande cha kitambaa cha bluu ambacho mimi nilidhani ni pazia. Chini ameandika: "Nyumbani mbali na nyumbani."

Kwenye baraza la wazee wa kanisa, ambalo na mimi ni mjumbe wake, Mama Lugano, mjumbe mwenzangu, aliinua simu juu kama mtu anayeuza mnadani. Akasema, "Lisemwalo lipo. Na asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Alisema hivyo akinitazama mimi usoni. Baraza likasimamisha tangazo mpaka Yusta arudi ajieleze mbele ya wazee, na mimi nikanyoosha mkono kukubali, kwa sababu ningekataa wangesema namlinda mwanangu.

Nikampigia Yusta simu, nikamweleza baraza lilivyoamua.

"Mama, kwa hiyo umekaa na baraza kabla ya kuniuliza mimi?"

"Nakuuliza sasa. Ulikuwa unafanya nini pale?"

"Nikikuambia hutaamini. Njoo uone kwa macho yako. Ila kurudi Iyula kuhojiwa kama mwizi wa kuku, sirudi. Elia akinitaka, anifuate huku."

Simu ikakatwa. Baba Yusta alikuwa anaanua kahawa uani, akauliza kuna nini, nikamwambia mtoto tunampoteza. Sikuwa natania. Yusta akisema neno huwa halirudishi, na hilo amelirithi kwangu. Nikaliambia baraza nitakwenda mwenyewe nikachunguze, nije na ripoti. Walifurahi sana. Mama Lugano aliniombea kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Tunduma hadi Nanyala

Mwenzangu wa safari alikuwa Baba Chanda, jirani yangu wa duka la simu, anayekwenda China kufuata mzigo. Mkewe ni Mbemba wa upande wa pili, Zambia, na yeye mwenyewe akiongea, mama anamwita bamayo, utadhani amezaliwa katikati ya geti la mpaka. Ni mtu mzuri. Lakini asubuhi ya kuondoka aliniletea furushi limefungwa kwa mkanda wa gundi, zunguka na zunguka.

"Bamayo, begi langu limezidi kilo. Nishikie hiki tu, tukifika utanipa."

Nikamuuliza ndani kuna nini. Akasema, "Ni vitu vya kawaida tu, usiogope." Mtu akikuambia usiogope kabla hujaogopa, hapo ndipo pa kuanzia kuogopa. Nililipokea kwa sababu kumkatalia jirani mbele ya watu ni aibu, lakini moyoni nilishasema hili furushi halifiki kiwanja cha ndege.

Foleni ya malori siku hiyo ilitoka mpakani ikapita Mpemba, ikaendelea. Gari yetu ndogo ilitambaa pembeni huku dereva akitukana kwa Kinamwanga akidhani sielewi. Mlowo tulinunua maparachichi na mahindi ya kuchoma, nikakataa ya kuchemsha kwa sababu sikuyaona yakitoka sufuriani. Tulipofika Nanyala tukasimama kabisa. Lori la shaba lilikuwa limelala kwenye mteremko wa Senjele na hakuna aliyekuwa anapita.

Baba Chanda akashuka kwenda kuona ajali. Mimi nikachukua kisu cha parachichi nikalichana furushi. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote: madini, bangi, jino la tembo. Nikakuta dagaa wakavu wa Tanganyika, wengi, na kisamvu cha kukausha kilichofungwa kwenye gazeti. Harufu ilijaa gari zima. Dereva akageuka, akasema, "Mama, kumbe tuna kitoweo!"

Baba Chanda aliporudi alikuta nimelikumbatia furushi lililochanika. Hakukasirika. Alisema tu kwamba dagaa hao ni wa mdogo wake aliyeko Guangzhou, huko China, na kwamba aliziba sana ili harufu isinisumbue. Nikaona haya. Lakini hata hivyo niliingiza mkono mpaka chini, kuhakikisha ni dagaa peke yao. Kwa kuwa karatasi ilikuwa imechanika, ilibidi dagaa niwamimine kwenye mkoba wangu wa kanisani. Kumbukeni huo mkoba.

Angani

Kutoka Songwe hadi Dar sina la kusema, ni mawingu. Kutoka Dar tulikwenda kubadilisha ndege kwenye nchi ya jangwani, na ndege ya pili ikachelewa bila mtu kutueleza kwa nini. Tulikaa kwenye viti vya chuma. Mzungu mmoja alinitabasamia mara tatu. Nikahamisha mkoba upande wa pili. Baba Chanda akaniambia Wazungu hutabasamu tu, ni kama sisi tunavyokohoa. Sikumwamini, lakini baadaye nilimwona akitabasamia hata mashine ya maji.

Ndani ya ndege waliniletea sahani yenye vyumba vidogo vidogo. Kwenye chumba kimoja kulikuwa na nyama. Nilimuuliza dada mhudumu ni nyama ya nini. Akajibu kitu, nikamwomba aigize. Akatikisa mikono kama mabawa, abiria wakacheka, na mimi nikala kwa sababu kuku hata akipikwa vibaya bado ni kuku.

Tulipotua China, askari wa forodha na mbwa wake mdogo walinijia moja kwa moja, wakapita watu wote waliokuwa mbele yangu. Mbwa akakaa chini mbele ya mkoba wa kanisani. Dagaa wote walichukuliwa wakatupwa kwenye pipa la bluu, na Baba Chanda alikaribia kulia. Kahawa yangu ya kusaga kutoka Iyula waliinusa, wakatikisa kichwa kwa kuridhika, wakaiacha. Hapo tukaagana, yeye akaelekea kwa mdogo wake mikono mitupu, mimi nikaunganisha kwenda kwa mwanangu, na mkoba unanuka kama mwalo wa samaki wa Kasanga.

Mji wa Yusta

Yusta alikuja kunipokea. Ni mrefu kuliko nilivyomkumbuka, amekata nywele, amevaa koti jeusi linalofika magotini. Alichuchumaa akaniamkia vizuri pale pale mbele ya watu na mabegi yao, na watu wakatupisha. Nilimwinua haraka. Nilikuwa natafuta shingoni mwake kama amevaa kitu.

Hatukuzungumzia picha. Yeye hakuianza na mimi sikuianza. Ndivyo tulivyo.

Mlangoni kwa chumba chake palikuwa na karatasi nyekundu yenye maandishi ya dhahabu, imebandikwa miguu juu. Nikasimama nje.

"Hii ni nini?"

"Mama, imeandikwa baraka. Wanaibandika hivyo kila mlango, ukiangalia utaona."

Nikaangalia ukumbini, ni kweli kila mlango una yake. Lakini hata Sodoma kila mlango ulikuwa na yake. Niliingia, ila usiku kabla ya kulala niliomba nikiielekea.

Chakula chao nilikipeleleza kwa uma. Kulikuwa na mikate myeupe ya mvuke, haina chumvi wala sukari, na uji wa nafaka ndogo ya njano inayofanana na ulezi, nao niliupenda nikaomba tena. Kilichonishinda ni maji. Kila mahali tulipokaa walituletea maji ya moto matupu kwenye kikombe. Mara ya kwanza nilisubiri majani ya chai. Mara ya pili nilisubiri tena. Mara ya tatu nikamwambia Yusta awaambie wamesahau, akacheka mpaka akashika meza. Kumbe ndivyo wanavyokunywa, maji ya moto peke yake, kama mtu anayeumwa tumbo.

Kicheko kile kilinifariji, nikaona nitumie nafasi. Nikamwambia, "Kesho nipeleke pale mahali."

Akaacha kucheka. "Nilijua ndicho ulichofuata. Hukunifuata mimi."

"Nimekufuata wewe. Ila nataka nikupate mzima."

Alikusanya vikombe akaenda kuviosha, na vilikuwa visafi.

Njia ya mlimani

Tulipanda treni, kisha basi, kisha tukatembea. Milima ya huko ni mikavu na ya rangi ya mchanga. Mtu wa Mbozi akiiona anaihurumia. Basi lilitusubirisha kwa sababu dereva alikuwa anakula, na hakuna aliyelalamika, nikajua pia hapa kuna watu kama sisi.

Njiani Yusta alinieleza habari za lile hekalu la kwenye picha. Ni la zamani sana, lilijengwa enzi za wafalme wao, likaungua, likajengwa tena, na mti ulioko uani uliota zamani kabla Wajerumani hawajafika Mbozi. Na ndani yake, akasema, dini tatu zinakaa kwenye chumba kimoja.

Nikasimama. "Tatu? Chumba kimoja? Na hawapigani?"

"Hawapigani, mama."

Hapo ndipo shaka yangu ilipozidi. Mnajua mtaa wetu Tunduma. Makanisa mawili yanayosoma Biblia ile ile yanatenganishwa na ukuta wa tofali moja, na kila Jumapili ni vita ya spika mpaka bati la duka langu linatetemeka. Sasa dini tatu zikae chumba kimoja kwa mamia ya miaka bila hata moja kuongeza sauti? Nilimwambia Yusta, amani ya namna hiyo lazima ina mtu anayenyamazisha wenzake. Akasema nisubiri nione.

Geti lina kizingiti cha mbao kirefu, karibu nusu ya mguu. Yusta akaniambia, "Usikikanyage. Vuka."

Jamani. Mimi ni mtoto wa Iyula. Nimeona vizingiti vikifukuliwa na vikatoka vitu ambavyo siwezi kuviandika. Mtu akuambie kizingiti hiki usikikanyage, uvuke tu, halafu uingie? Niligoma. Watalii walipita pembeni yangu, vikongwe wakapita, watoto wakapita. Yusta alisimama upande wa pili amekunja mikono.

"Mama, kwetu ukifika kwa wakwe, si kuna pa kukanyaga na pasipo pa kukanyaga?"

"Kwa wakwe nawajua."

Mwishowe nilisema jina la Yesu kwa sauti, nikaruka miguu yote miwili kwa pamoja. Mlinzi wa geti alipiga makofi. Nadhani alifikiri ni mchezo.

Chumba cha watatu

Mara tu nilipotua uani, paka akatokea nyuma ya mti. Halafu mwingine. Halafu wa kijivu mwenye sikio moja. Wakaanza kunifuata. Nikiongeza mwendo, wanaongeza. Nikisimama, wanakaa chini wananitazama. Watu wote waliokuwa pale, wamenichagua mimi Mnyiha. Nilijua nimekwisha. Nikamshika Yusta mkono nikamwambia turudi, hao siyo paka.

Yusta aliinama akanusa mkoba wangu. "Mama, ulibeba dagaa?"

Basi. Endelea kucheka, hata mimi sasa nacheka.

Chumba chenyewe kiko juu ya ngazi. Nguzo nyekundu, dari ya mbao iliyochorwa mawingu, moshi wa udi. Nilifunga pua kwa leso ili nisiuvute. Na kweli wamekaa watatu. Katikati ni Buda, mkubwa, wa dhahabu, yule yule wa kwenye picha. Kushoto kwake mzee mwenye ndevu nyeupe anayeitwa Laozi, wa Watao. Kulia ni Konfusio, ambaye Yusta alisema alikuwa mwalimu, akifundisha watoto kuheshimu wazazi na wadogo kuheshimu wakubwa.

"Huyo angefaa aje Tunduma," nikasema.

Nilizunguka nikichunguza. Nilitazama nyuma ya sanamu, nikatazama chini ya meza ya matunda, nikamtazama Yusta. Hakuwasha udi. Hakuinama. Alisimama kando ya nguzo kama mtu anayesubiri basi. Nikawaza, anajizuia kwa sababu nipo. Nikawaza tena, ngoja nijifanye siangalii. Nikageuka, halafu nikageuka tena kwa ghafla ili nimkamate. Alikuwa ananitazama tu, na macho yake yalikuwa na huzuni ambayo sijawahi kuiona kwake tangu alipokuwa mdogo.

Hapo mlango mdogo wa pembeni ukafunguka, nyuma ya nguzo, akatoka bibi mmoja. Ni mfupi, mgongo umepinda, amevaa koti la bluu la pamba. Yusta aliniambia ndiye anayetunza chumba kile, na wanafunzi wote wanamwita Nainai, yaani bibi. Alipomwona Yusta uso wote ulikunjuka. Akasema maneno mengi, akanielekeza kidole, Yusta akajibu, na bibi akarudi ndani mbio mbio. Alipotoka tena alikuwa ameshika kikombe cha maji ya moto, matupu kama kawaida yao, na tende nyekundu kwenye kisahani. Akaja mpaka mbele yangu. Akaninyooshea kwa mikono miwili.

Ninyi mmelelewa kama mimi. Bibi wa umri wa mama yako anakupa kitu kwa mikono yake miwili. Utafanya nini? Goti langu lilishuka lenyewe, sikulituma. Nikakunja viganja, nikavikutanisha chini ya kidevu, nikapiga makofi yale ya taratibu ya shukrani, kabla ya kupokea. Paa, paa, paa. Ndipo nikanyanyua macho, na juu ya bega la Nainai nikaona Buda amekaa ananitazama.

Simu ya Yusta ikalia mlio wa kupiga picha.

Aliniletea nione. Alikuwa amesimama mahali pale pale aliposimama mwanafunzi mwenzake aliyempiga picha siku ile. Nguzo nyekundu ilimziba Nainai wote. Kilichobaki ni mkono wa koti la bluu pembeni. Na mimi hapo, mzee wa kanisa, goti chini, viganja vimekutana chini ya kidevu, mbele ya sanamu ya dhahabu. Ndio ule mkono niliodhani ni pazia.

"Siku ile alinipa kikombe hiki hiki," Yusta akasema. "Nilikuwa naumwa, mama, na sikuwa na mtu wa kwetu. Ndiyo maana niliandika nyumbani."

Nilimrudishia simu.

"Mama Lugano sikumshangaa. Hata Mwenyekiti wa baraza sikumshangaa. Lakini wewe? Hiyo mikono umenifundisha wewe. Ulinichapa mpaka nikaijua. Ungeitambua hata gizani."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu, na papo hapo, msinishangae, nilijisikia fahari mpaka kifua kikaniuma. Mtoto wangu yuko mwisho wa dunia, anaumwa, hakuna mtu wa Iyula anayemwona, anapewa maji na bibi asiyemjua, na bado anashusha goti. Alifunzwa na mamaye. Nililia pale pale. Nainai akadhani maji yameniunguza, akaanza kuyapuliza.

Kabla ya kuondoka nilimpa ile kahawa ya Iyula. Aliinusa, akaiweka kwenye meza ya matunda mbele ya wale watatu. Nilishtuka, nikataka kuirudisha, halafu nikaona anaichukua tena na kuificha ndani ya koti lake. Yusta akasema anaogopa wageni wengine wataichukua. Basi nikajua yuko kama mimi.

Kurudi Iyula

Yusta alimtumia baba yake picha yangu ili wacheke wawili. Lakini Baba Yusta mnamjua, tangu apate simu ya kugusa anaweka kila kitu kwenye status: mbuni ukichanua, ndama akizaliwa. Akaiweka na yangu, akaandika: "Mke wangu kwa wenzetu. Mungu ni mwema." Nilipokuwa bado naunganisha ndege kwenye viti vya chuma, Mama Lugano alishamaliza kuisambaza.

Baraza liliitwa siku ya pili baada ya kufika kwangu, kwenye ile ofisi ndogo ya kanisa. Nilipoingia wote walikuwa wameshakaa, wananitazama kama nilivyokuwa nawatazama wale paka. Mwenyekiti wetu, yule mzee, alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, kona ya nyuma ya kabati la vitabu vya nyimbo. Juu yake ukutani kuna ile kalenda ya duka la pembejeo, yenye picha ya fahali mkubwa mwekundu.

"Mama Yusta," Mwenyekiti akasema, "tulikutuma ukachunguze. Naona umejiunga."

Watu hawakucheka. Mama Lugano alikuwa na simu mkononi tayari.

"Nitajibu," nikasema. "Lakini kwanza, Mama Lugano, wewe una simu nzuri. Simama hapo mlangoni. Nikimwamkia Mzee, nipige picha."

"Ya nini?"

"Ya ushahidi."

Mama Lugano ushahidi haukatai. Akasimama mlangoni. Nikasogea mbele ya Mwenyekiti, nikashusha goti kama ninavyomwamkia kila siku, nikakutanisha viganja, nikapiga makofi. Simu ikalia.

"Sasa wape wazee waone."

Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Kabati lilimmeza Mwenyekiti mzima mzima, limebakiza ncha ya kiatu. Kilichoonekana ni Mama Yusta, goti chini, uso umejaa heshima, anamwabudu fahali.

Kisha Mwenyekiti alianza kucheka akiwa nyuma ya kabati lake, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na wengine wakafuata. Nilisubiri wamalize. Nikawaambia habari za Nainai na kikombe, na mtoto aliyekuwa anaumwa bila mtu wa kwao. Nikasema, "Mlisema asiyefunzwa na mamaye. Mimi nilimfunza, na hata mimi sikumtambua." Nilipofika hapo sauti ilikatika, na Mama Lugano ndiye aliyenipa leso. Niliitazama kwanza, kisha nikaipokea.

Tangazo la kwanza lilisomwa Jumapili hiyo hiyo. Elia alisimama peke yake, ameinamisha kichwa kwa haya. Picha ya fahali nilishamtumia Yusta tangu siku ya baraza; mchana huo nikampigia. Nilimwambia, "Mwanangu, nisamehe. Kama hutaki kurudi, nitakuelewa."

Alisema, "Nimemwonyesha Nainai picha yako. Anauliza huyo ng'ombe wenu mnamletea matunda siku gani."

Nikacheka nikiwa nalia. Alisubiri nitulie.

"Na mwambie Mwenyekiti tangazo la tatu asilisome kwanza. Nataka nilisikie mwenyewe, nimesimama karibu na Elia."